Hotuba Niliyoitoa Dirishani Kule Moa

Jamani, kuna aibu ambazo mtu akizisimulia zinapungua, na kuna ambazo ukizisimulia zinaongezeka, na hii yangu ni ya aina ya pili, lakini kwa kuwa watu wa Moa wanaisimulia miaka yote hii na kila mmoja anaitia chumvi yake (juzi nimesikia eti nilikuwa uchi wa mnyama, uongo mtupu huo), nimeona bora niiseme mwenyewe, mcheke, yaishe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ujenzi ya serikali pale Tanga. Msanifu wa majengo mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole, mpenda chai, na sisi vijana tulikuwa tunanakili michoro yake kwa kalamu ya wino mpaka macho yanatoka machozi, leo posta, kesho mahakama, keshokutwa nyumba za askari, na jina linaloandikwa pembeni ni lake tu. Sasa siku moja akaniita mezani kwake, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Athumani, watu wa Moa wanataka zahanati ndogo yenye chumba cha kuzalia. Hii chora wewe, kutoka mwanzo."

Nilichora, wallahi nilichora! Nikaenda Moa mpaka nikakaa na wanawake wa kule nikawauliza wanataka nini, nao wakaniambia jambo moja tu kubwa, kwamba hicho chumba cha kuzalia mtu asiweze kuchungulia. Basi nikaweka madirisha juu, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, tena membamba, na moja nikalielekeza uwanjani mbele, kwa sababu upepo wa bahari unatokea huko. Nikajiona bingwa. Nilikuwa napita mitaa ya Ngamiani najisemea moyoni, hawa wote wananiona mtu wa kawaida hawajui nina jengo.

Sasa kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya siku ya ufunguzi nivae nilivyovaa. Nilikuwa nimepeleka posa. Binti mwenyewe ni Rukia, alikuwa akikaa kwa shangazi yake barabara ya tatu kutoka kwetu, na mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mkunga wa serikali, mwanamke wa shoka, sauti yake ikitoka hata jogoo ananyamaza. Wazee wangu walikwisha kwenda, wakaambiwa, "Tumesikia, tutawajibu," na jibu halijaja. Halafu nikapata habari kwamba mkunga aliyehamishiwa zahanati mpya ya Moa ni Bi Mwanakombo huyohuyo. Nikasema hii ni bahati yangu, siku ya ufunguzi ataniona nimesimama karibu na Bwana DC, nimetakata, atajua binti yake anaolewa na mtu.

Basi nikashona suti ya drili nyeupe, nyeupe kama sanda, na tai nyekundu. Ndani (naomba mlikumbuke hili, maana baadaye litanitesa) nilivaa suruali ya ndani aliyonishonea mama yangu kwa kitambaa cha mfuko wa unga wa ngano. Msinicheke, miaka ile nusu ya Tanga ilivaa hivyo, kitambaa kile kigumu hakichaniki. Mama alikifua na kukianika mara nyingi lakini ile chapa ya kiwandani haikutoka, na kwa namna alivyokata, maandishi yakaangukia nyuma, makalioni: UNGA SAFI DARAJA LA KWANZA.

Tukaondoka Tanga asubuhi kwa lori la ofisi, vumbi la Moa mnalijua, nikafika suti imetulia (nilijifunika shuka njia nzima) lakini viatu vimekuwa vyekundu. Uwanjani watu wamejaa, mabibi wamejitanda kanga, wazee wa Kidigo wamekaa barazani na bakora zao, meza ya Bwana DC imetandikwa kitambaa. Nikasema niende nyuma ya jengo nipanguse viatu. Ndiyo hivyo tu. Huo ndio uamuzi wenyewe ulioniponza, kupangusa viatu. Nikazunguka nyuma, kivulini, nikaona ukingo wa msingi umechomoza vizuri kama kibaraza, nikakaa, nikatoa leso, nikapangusa kiatu cha kulia, nikapangusa cha kushoto, nikataka kuinuka. Sikuinuka. Suruali imenasa.

Lami! Msingi wote ulipakwa lami mbichi kwa ajili ya mchwa na unyevu, na nani aliandika kwenye ramani kwamba msingi upakwe lami? Mimi. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nikajibandua kwa nguvu, nikapapasa nyuma, mkono ukarudi mweusi. Wakati huo akatokea Fundi Mhina, msimamizi wa mafundi, Mbondei mmoja mwenye moyo mwema ambaye kila tatizo la dunia yeye alilitibu kwa mafuta ya taa.

"Ala! Bwana Athumani, umekalia nini?"

"Nimekalia kazi yako, Fundi."

"Hiyo ndogo. Vua, nipe, naisugua na mafuta ya taa hapo dukani kwa Mwarabu, narudi sasa hivi. DC bado kabisa."

Nikaingia ndani, nikachagua chumba kisichokuwa na mtu, nacho si kingine, chumba cha kuzalia (nani atazaa siku ya ufunguzi, nilijiambia), nikavua, nikampa suruali kwa uwazi wa mlango, nikabaki na koti, tai, soksi, viatu vinavyong'aa, na unga safi. Nikasimama nyuma ya pazia la kitanda, nikasubiri.

Nikasikia ngoma. Nikasikia gari. Nikasikia watu wanapiga makofi. Bwana DC amefika! Na Fundi Mhina, kumbe, alipokuwa anarudi mbio na suruali mkononi alikamatwa na karani akaambiwa asimame kwenye mstari wa mafundi wanaokwenda kupewa mkono, naye badala ya kusema ana dharura, akaikunja suruali yangu, akaiweka kwapani, akasimama kama askari. (Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sijawahi kushikwa mkono na DC.")

Nje, Bwana DC akaanza hotuba yake, Kiswahili kizuri tu, alikaa pwani muda mrefu. Nami nikajipa moyo, hotuba ikiisha Mhina atakuja. Ndipo nikasikia vishindo ukumbini, wanawake wengi, na sauti moja juu ya zote.

"Mleteni humu! Taratibu! Mwanasha, pumua, mwanangu, pumua!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakombo. Mama Rukia!

Jamani, fikirieni. Mwanamume, chumba cha uzazi, hana suruali, na anayeingia ni mkwe wake mtarajiwa. Mlango ni mmoja tu, na wako mlangoni. Nikaangalia juu nikaona dirisha langu. Pembeni palikuwa na kiti cha mkunga, nikakanyaga kiti, nikarusha mikono, nikatoa kichwa, nikatoa mabega, nikatoa kifua, nikafika kiunoni, hapo nikakwama. Si mbele si nyuma. Nimechora dirisha ambalo mtu asiweze kuchungulia, kupita ndiyo kabisa.

Kuinua macho, naona uwanja mzima. Bwana DC mezani, ananipa ubavu. Bosi wangu Mzungu kakaa nyuma yake. Wazee, mabibi, mafundi, Mhina na kile kifurushi cheupe kwapani, wote wananiangalia. Na tafadhalini, mnione kama walivyoniona: koti jeupe limenyooka, tai nyekundu, kichwa kimechanwa, mikono imeegemea kizingiti cha dirisha. Mtu mwenye heshima zake aliyejitokeza dirishani kwa jambo maalumu.

Bwana DC akageuka, akatabasamu. "Ah! Huyu ndiye kijana aliyelichora jengo hili. Naona ameamua kutusalimia kutoka ndani. Karibu, sema neno kidogo."

Wakati huohuo, upande wa pili, pazia lilivutwa.

Kilio kilichopigwa na wanawake wale sitakisahau. "Mwanamume! Mwanamume humu!" Kikafuata kiatu. Nilipigwa kiatu cha kwanza pajani, cha pili nyuma, hapohapo kwenye chapa, na Bi Mwanakombo akawa anasema, "Shetani gani wewe? Toka! Toka humu!" Nami, hofu na adabu zikiwa zimechanganyika, nikapaza sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Shikamoo!"

Nilimwamkia yeye. Lakini uso wangu ulikuwa uwanjani, basi wazee wote wa barazani wakajibu kwa pamoja, "Marahaba!" na Bwana DC naye, nadhani kwa mazoea, akasema, "Marahaba." Na nyuma yangu sikujibiwa, nilipigwa tena.

Nikaanza kuhutubia. Ningefanya nini? Nikasema, "Mabibi na mabwana, jengo hili, aah! jengo hili limejengwa kwa mawe imara, uuh! na ukuta wake ni mnene," na kila kiatu kikitua maneno yangu yanapanda sauti, wazee wakawa wanatikisa vichwa, wanaambiana huyu kijana anasema kwa uchungu. Nikaeleza mchanga ulikotoka. Nikaeleza mabati. Nikaeleza boriti moja moja. Kila nikitaka kumaliza nakumbuka kwamba nikimaliza nitaambiwa nishuke, naongeza jambo.

Ndani viatu vikakoma. Nikasikia mtu anasoma, polepole kama mtoto wa madrasa: "Unga... safi... daraja... la kwanza." Halafu nikasikia kicheko, na kicheko chenyewe si cha wale wanawake wengine, ni cha Mwanasha, yule mwenye uchungu, yuko kitandani, anacheka na kulia kwa pamoja, na Bi Mwanakombo anasema, "Usicheke, sukuma! Mwanangu, sukuma!" naye mwenyewe sauti inamtetemeka. Mie nje huku nimefika kwenye mifereji ya maji ya mvua. Mtoto huyo alikuwa wa nne kwa Mwanasha, hakuwa na subira. Nilikuwa nasema, "Na paa hili, kwa uwezo wa Mungu, halitavuja," ndipo kikatoka kilio chembamba kabisa nyuma yangu.

Uwanja wote ukakisikia. Vigelegele vikaanzia ndani, vikapokelewa nje, ngoma ikapigwa, wazee wakainuka, Bwana DC akavua kofia. Utepe ulikuwa haujakatwa, lakini zahanati imekwisha kufunguliwa. Na katikati ya shangwe ile mikono ya wanawake sijui wangapi ikanikamata miguu, ikavuta, nikatoweka dirishani mara moja kama mtu aliyemezwa.

Nikaangukia sakafuni (saruji nzuri, haina nyufa). Bi Mwanakombo amesimama juu yangu, mikono imelowa, anautazama uso wangu kwa mara ya kwanza.

"Si Athumani wewe? Mtoto wa Bi Kidawa?"

"Ndiye mimi, mama."

Akavua kanga yake ya begani, akanitupia. "Funga. Utoke, kuna mzazi humu."

Nikatoka hivyo, juu koti na tai, chini kanga ya maua, nikatembea mpaka kwa Bwana DC, naye akanipa mkono bila kuutazama mkono unaoshikilia kanga, na hapo ndipo Moa yote ilipoelewa ile hotuba ilikuwa hotuba gani. Nilichekwa mpaka wengine wakakaa chini. Bosi wangu alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yanacheza. Mhina alikuja na suruali, ameisugua vizuri sana, lami yote imeenea mpaka magotini.

Kurudi Tanga nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilijua mambo mawili yamekwisha, kazi na Rukia. Kazi, Bosi aliniita kesho yake, akaninywesha chai, akaniambia niendelee na zahanati ya Pangani, ila madirisha niyapanue kidogo. Lakini posa! Wazee wangu walikataa kwenda Moa kuulizia jibu, baba mdogo alisema heri aende vitani. Mwishowe alikwenda mama yangu peke yake, akijitanda mpaka machoni kwa aibu, akamkuta Bi Mwanakombo anapepeta mchele. Hata hodi hajaimaliza, Bi Mwanakombo akamwambia:

"Bi Kidawa, mwanao nusu ya chini nimekwisha kuikagua, maandishi yake mazuri. Mlete na suruali, niikague nusu ya juu."

Tukaoana, tukazaa, tukapata wajukuu. Serikali ikabadilika, nami nikapanda mpaka nikawa msanifu kamili, jina langu likaandikwa pembeni ya ramani za shule na mahakama huku na huku. Lakini nawaambia ninyi wenye vyeo, na vijana mnaopenda kutakata: tangu siku ile sijamkabidhi mtu suruali yangu kwa uwazi wa mlango, awe fundi, awe dobi, awe ndugu wa tumbo moja. Ikichafuka, inachafuka. Nitasimama nayo hivyohivyo mbele ya watu, nyeusi kwa lami, na nitatoa hotuba fupi.