Jumatatu ya Mfungo Tano

Shomari Sadallah wa Mwananyamala alikuwa mtia mafuta katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na kwa miaka sita hakuna aliyemwona akikosea kazi wala akicheka kazini. Mwaka 1958 Mgiriki mmoja, mwenye ndege ndogo ya kupeleka barua kwenye mashamba ya mkonge, alimwita pembeni. Rubani wake alikuwa amefungasha virago kurudi kwao, maana habari za uhuru zilimnyima usingizi. Mgiriki alikuwa tayari kumfundisha Shomari kurusha ndege, mradi aache kazi ya mafuta na kuanza Jumatatu, tarehe kumi na tano Septemba.

"Usipokuja Jumatatu, namchukua Ansbert," alisema.

Ansbert, karani wa uwanja, mtu wa Bukoba, alifurahi waziwazi. "Sie kwetu hatuna mwezi mbaya, bwana. Wewe lala tu."

Alijua pa kumgusa. Mwezi ule ulikuwa Safar, ambao watu wa pwani huuita Mfungo Tano, na katika Mfungo Tano mtu haanzi jambo: haoi, hajengi, hahami. Mimi nimewahi kuucheka mwiko huo, kisha nikaahirisha harusi yangu wiki tatu.

Bi Mwanabaraka, mama yake Shomari, hakuwa na la kucheka. Mumewe alianza kazi ya kukwea minazi kule Chanika ndani ya Mfungo Tano, akaanguka akafa kabla mwezi haujaisha. Shomari alikuwa na miaka minne.

"Utaacha kazi ya serikali," alimwambia mwanawe, "ukapae na Mgiriki ambaye kesho naye atafunga mizigo. Haya, hilo nalimeza. Lakini si Mfungo Tano, mwanangu. Ngoja Mfungo Sita uingie, uende na radhi zangu."

"Na Mgiriki asiponingoja, mama?"

"Basi haikuwa riziki yako."

Shomari alimtii mama yake kupita kiasi, kwa maoni yangu. Bila radhi zake asingekwenda. Alibaki kupiga hesabu. Jumapili ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya Safar. Mwezi ukiandama jioni ile, Jumatatu ni Mfungo Sita. Usipoonekana, Jumatatu ni siku ya thelathini ya Mfungo Tano, na ndege ni ya Ansbert.

Jumapili wanaume wa msikitini walisimama nje wakitazama upande wa Ubungo. Wingu lilikuwa limeziba kote. Waliswali magharibi, wakatoka kutazama tena, wakatawanyika. Shomari alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa barazani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alitaka kulia. Badala yake akaomba maji ya kunywa.

Bi Mwanabaraka alimletea maji, akamtazama akinywa, kisha akaenda uani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amejitanda kanga vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

"Nimeuona," alisema.

"Umeona nini?"

"Mwezi. Mfungo Sita umeingia. Nenda kesho, radhi zangu unazo."

Shomari alitazama juu. "Mama, na wingu lote hilo?"

"Kwani mie kipofu? Nimesema nimeuona. Kalale, usije ukachelewa."

Asubuhi alikwenda uwanjani kwa baiskeli, akakaa kando ya Mgiriki, na saa mbili ndege ikapaa. Ansbert alipunga mkono huku amenuna. Mafunzo hayo yalimfikisha Shomari mbali. Alirusha ndege miaka kumi na tisa.

Maulidi huangukia tarehe kumi na mbili ya Mfungo Sita. Kwa mwezi aliouona Bi Mwanabaraka, ingekuwa Ijumaa. Mtaa mzima ulihesabu kuanzia Jumanne, ukasoma Maulidi Jumamosi. Ijumaa ile Bi Mwanabaraka alipika ugali na mchicha kama siku zote. Pilau ya Maulidi aliipika Jumamosi. Shomari alikula, akamshukuru.