Koko Aliyewapa Ng'ombe Chumvi Yake

Nina mdomo. Wauguzi wenzangu wa kliniki ya moyo wanajua, na wagonjwa wanajua zaidi. Kila Jumanne asubuhi, kabla daktari hajafika, nilisimama mbele ya benchi nikafundisha: jipime uzito, meza vidonge vya kupunguza maji hata siku ya safari, miguu ikivimba usisubiri tarehe, na chumvi achana nayo. Nilijiona mwalimu hodari.

Koko alikuwa mwanafunzi wangu bora. Ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mjane wa Olmotonyi, Mlutheri wa kukaa mbele kanisani na mbele kliniki. Alikuwa na ombi moja: moyo umfikishe kwenye kipaimara cha mjukuu wake, mwezi wa kumi na moja. Mara ya pili alipokuja alitangaza kwamba chumvi yote ya nyumbani amewapa ng'ombe. Tulicheka, naye akacheka.

Miguu ilinywea, tukafurahi. Mwezi wa nane, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, akarudi amevimba hadi magotini. Nilibonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. Dawa alikuwa amemeza zote, pakiti tupu alizileta.

"Koko, unakula chumvi."

"Sili, nesi."

"Miguu hii inasema unakula. Au ng'ombe wamekurudishia?"

Benchi zima liliangua kicheko. Safari hii koko hakucheka. Alishusha kanga ikafunika miguu, akasubiri zamu yake ya kumwona daktari. Daktari akamwongezea dawa.

Tarehe iliyofuata hakutokea. Nilikosa amani, na Jumamosi nikapanda kwenda kwake.

Mkwe wake alikuwa jikoni na sufuria kubwa ya makande. Alinikaribisha kwa furaha. "Dada, nyumba nzima tumeacha chumvi. Tuliona vibaya mama ale chakula chapwa peke yake." Kisha akafunua sufuria, akamimina kikombe cha maji yenye rangi ya udongo.

Magadi. Harufu yake naijua tangu utoto, na kwangu Sekei nimeyaweka kwenye kopo la maziwa.

"Unatia kila siku?"

"Tangu tuvune, makande ni kila siku. Bila magadi mahindi haya yataiva lini?"

Chuoni nilifundishwa kwamba magadi humvimbisha mgonjwa wa moyo kama chumvi ya mezani. Nililijua hilo, na kila wiki nilikuwa nikiyatumia jikoni. Ila pale mbele ya benchi halikunijia hata mara moja, na sikuwahi kumwuliza mgonjwa yeyote anapikaje. Nilipomweleza mkwe, aliketi chini kwenye majivu. "Dada, kwa hiyo ni mimi?" Nikamwambia hapana, ni mimi.

Koko alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti kwa sababu akilala pumzi zilikuwa zinakatika. Nilipiga magoti. "Shikamoo, koko."

"Marahaba."

"Nisamehe. Hukula chumvi. Ni magadi, na mimi sikukwambia."

Alivuta pumzi mara tatu nne kabla ya kujibu. "Uliniita mwongo mbele ya watu, mwanangu. Nenda ukawaambie."

"Jumanne nitawaambia."

Tulimpeleka hospitali mchana uleule. Jumatatu alfajiri akafariki, kipaimara kikiwa bado wiki saba. Daktari aliniambia moyo ule ulikuwa umeshachoka, hata bila magadi usingefika mbali. Huenda. Alinihurumia, na mimi sikutaka kuhurumiwa. Nilitaka koko arudi, aketi mbele, anione nikitimiza ahadi.

Jumanne nilisimama mahali pangu pa kila wiki. Niliwaambia magadi pia waache. Kisha nikasema kwamba koko hakula chumvi, hakusema uongo, mimi ndiye niliyekosea, na kwamba niliwachekesha watu kwa aibu yake.

Wale waliocheka siku ile hawakuwapo, tarehe zao zilikuwa za wiki nyingine. Mzee mmoja wa Elerai, mgeni kabisa kliniki, aliinua mkono kwa adabu.

"Samahani, nesi," akasema. "Koko gani?"