Moto Uliojificha Chini ya Turubai

Kabla sijaungua, mimi Rukia wa Matungu nilikuwa mtu wa haraka. Boti yangu ya injini huvusha watu Mto Nzoia, na sikupenda abiria aseme nimemchelewesha sokoni. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Basi jioni sisi wenye boti hufunika chombo kwa turubai na kukaza kamba kila upande, tangi la petroli na betri vikiwa humo humo. Tuliogopa maji. Moto hakuna aliyeuwaza.

Asubuhi hiyo mume wangu, Juma, alisimama ukingoni akasema anasikia petroli. Nilimjibu bila kugeuka, "Inanukanga hivyo tu." Sikujua kwamba mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini ulikuwa umepasuka na kudondosha usiku kucha, wala kwamba mvuke wa petroli ni mzito, hutulia chini ndani ya boti ukikosa pa kutokea. Niliinua pembe moja ya turubai, nikaingiza kichwa na mikono, nikabana waya kwenye betri. Ikatoka cheche.

Mlipuko sikuusikia. Niliona weupe, kisha nikawa mtoni nanusa nywele zangu zilizoungua. Juma alinitoa. Dada yangu Amina alikuja mbio na mafuta ya kupikia anipake, Juma akamzuia, akanimwagia maji safi hadi gari likapatikana. Ngozi ya mikono ilikuwa inakunjamana kama utando wa maziwa.

Hospitalini uso ulikuwa umevimba na macho yamefumba. Daktari hakunificha. "Mama, kama macho yenyewe yameungua, tutajua uvimbe ukishuka. Kwa sasa hatujui."

Niliogopa kuliko ninavyoogopa kufa. Wakiniosha vidonda niliuma shuka, lakini maumivu yale yalikuwa na mwisho. Giza halikuwa nao. Watoto wakija niliwapapasa nyuso kwa vidole vilivyofungwa bandeji, sihisi pua wala kidevu. Nilijaribu kukumbuka sura ya kitinda mimba wangu, nikaona inaanza kunipotea. Nilimwomba Mungu hadi maneno yakaniishia.

Kisha asubuhi moja jicho la kushoto likafunguka kidogo, limejaa tongotongo, nikaona kitu cha manjano. Ilikuwa leso ya Amina. Nilimwambia asisogee. Alilia, nami nikalia, na machozi yakaniwasha vidonda.

Alhamdulillahi, siku zilivyokwenda macho yote mawili yakapona. Nawashukuru Juma na wauguzi. Mikono ina makovu, na boti nimeirudia kwa woga. Wenzangu, woga huo msiufukuze. Toa turubai lote, upepo upite. Inama unuse chini, pitisha kidole kwenye mpira na viungio vyake. Ukinusa petroli, usiguse betri hata kidogo hadi upate panapovuja na harufu iishe. Betri nayo ifunge isiteleze, na vichwa vyake vya kushikia waya vifunikwe. Abiria wangoje nchi kavu.

Juzi mama mmoja mwenye kikapu cha mboga alinuna kwa kusubiri. "Si hii boti yako inanukanga hivyo tu?"

Nilitoa turubai lote, nikainama kunusa. Nilikuta kiungio kinavuja, nikawasogeza wote mbali na ukingo hadi nilipokitengeneza na harufu ikaisha. Walifika sokoni wamechelewa, kila mtu na uso wake mzima.