Kidole Chini ya Mstari

Tangu darasa la kwanza nilikuwa nikisoma kwa kidole. Kidole cha shahada kinatangulia chini ya mstari, midomo inafuata ikinong'ona, macho yanakuja mwisho. Kwa mwendo huo, kitabu kimoja kilinimalizia mwezi mzima. Shuleni walinicheka hadi wakachoka wao.

Aliyekuwa akiniazima vitabu ni jirani yangu hapa Karagita, mama mtu mzima tuliyetenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Jumatatu moja alinipa riwaya nene kuhusu dada wawili wanaogombania kisima cha baba yao. Kisha, kana kwamba anazungumzia mvua, akaniambia anahama. Alikuwa amechoka na mashamba ya maua, anarudi kwao Kuresoi kulima viazi.

"Jumamosi asubuhi pikapu inakuja," akasema. "Nabeba kila kitu, hata hiyo kitabu. Soma ufike penye utafika."

Nilikasirika. Heri angeninyima kabisa kuliko kunionjesha. Hata hivyo nilianza usiku huo, na nikalala nikiwa ukurasa wa kumi na moja.

Kesho yake kazini mwiba wa waridi uliniingia kwenye kidole kilekile. Kazi yangu ni kupanga maua kwa urefu na kuyafunga mabunda, kwa hiyo miiba tumezoeana, lakini huu ulizama. Nikafungwa bandeji nene. Jioni nilipofungua kitabu, bandeji ilifunika mistari miwili kwa mpigo. Nikauondoa mkono. Ukarudi wenyewe. Mwishowe nikaukalia.

Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na nilikuwa ukurasa wa sitini na tatu.

Sikuamini. Nilidhani nimeruka kurasa, nikarudi nyuma kukagua: yule dada mkubwa anaficha kamba ya ndoo, mdogo anamwona dirishani. Vyote nilivijua. Nikajaribu kidole cha mkono wa kushoto, kuona tu, na mara moja nikaanza kukokota tena, midomo nayo ikaamka. Nikakiondoa, macho yakakimbia tena. Nilirudia mchezo huo mara tatu, nikicheka peke yangu.

Jumatano nikiwa kazini nilipata jibu, au nadhani nililipata. Msichana mgeni alikuwa akihesabu maua, moja, mbili, tatu, huku mimi nikitupa jicho mara moja tu na kujua bunda limetimia. Miaka sita macho yangu yalikuwa na ujanja huo, na sikuwahi kufikiria kuupeleka kwenye karatasi.

Alhamisi jioni nilimaliza. Furaha niliyoipata sikuwa nimeitarajia: hadithi nzima ilikuwa bado moto kichwani, mwanzo wake haujasahaulika mwisho ulipofika. Nikaenda kugonga kwa jirani.

"Umeshindwa?" akauliza alipoona kitabu.

"Nimemaliza, mathe."

"Haraka haraka haina baraka. Haya, kisima ilibaki na nani?"

"Hakuna. Walikifunika wakachimba vyao viwili, na vyote vikatoa maji ya chumvi."

Akakipokea kitabu. Halafu akavuta katoni kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa imejaa vitabu hadi juu.

"Hizi zote ni zako? Mbona hukuwahi niambia?"

"Nilikuwa nakuona na kimoja mwezi mzima," akasema. "Nikasema nisikusumbue."

Nilihuzunika, sitaficha. Miaka sita nililala karibu na katoni ile, na sasa ilibaki siku moja. Nikachomoa kitabu kilichokuwa juu bila hata kusoma jina lake, nikarudi chumbani nacho. Ijumaa nilikisoma wakati wa chakula cha mchana, nikakisoma nikipika, ugali ukashika sufuria.

Jumamosi pikapu ilikuja mapema. Tulipakia kitanda, jiko, magodoro na katoni. Jirani akaketi mbele kando ya dereva, akanyoosha mkono dirishani. Nilijua anataka nini. Kitabu nilikuwa nimekikumbatia.

"Umebakisha ngapi?"

"Kurasa arobaini."

Alikishika, akapima kwa gumba unene uliobaki. Kisha akanirudishia na kumgeukia dereva.

"Boss, zima gari."

"Mathe, Kuresoi ni mbali na barabara huko ni matope!"

"Zima. Huyu siku hizi anasoma haraka. Ni dakika kidogo tu."

Dereva akazima, akiguna. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya godoro lililokunjwa. Kupitia kioo niliona kisogo cha jirani yangu na kitambaa chake cha kichwani. Nikafungua nilipofikia. Bandeji nilikuwa nimeitoa jana yake na kidole kilikuwa kimepona.

Nikakiweka makusudi chini ya mstari wa kwanza, nikaanza kunong'ona.