Anuani Aliyoifuta Bwana Mhuri

Miaka thelathini na moja alisimama nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri, mpaka jina lake la kuzaliwa likaliwa na kazi hiyo kama sabuni inavyoliwa na maji. Watu wote walimwita Bwana Mhuri, na mkewe naye, akimkasirikia, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Mteja akileta barua yenye anuani iliyoandikwa ovyo, Bwana Mhuri alimrudishia aiandike upya, hata kama foleni imefika barabarani. Wenzake walimcheka, lakini barua ikikosa mwenyewe walimpelekea yeye, maana anuani za mji mzima zilikuwa kichwani mwake.

"Mimi anuani nikiiona mara moja," alikuwa akijisifu, "imeingia hiyo. Haitoki."

Alipostaafu alijinunulia kompyuta kuukuu, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, mkewe akaitandikia kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Asubuhi aliisomea magazeti. Kuanzia saa nne ilikuwa mali ya Kitinda.

Kitinda alikuwa binti yake wa mwisho, na jina hilo la utani lilitokana na kuwa kitindamimba. Kaka zake wawili walikwisha kuoa na kuhamia mbali, wakabaki yeye na wazazi wake nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amesomea ukatibu, na kwa miaka mitatu alikuwa akituma maombi ya kazi bila kupata hata jibu la kukataliwa. Simu yake ilikuwa ya vibonye, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo mambo yote ya intaneti aliyafanyia pale sebuleni, mgongo ameupa mlango.

Mgongo huo ndio uliomkera baba yake. Halafu akagundua jambo jingine. Jirani alikuwa amemwonyesha mahali ambapo kompyuta huorodhesha kurasa zilizofunguliwa. Kila alipopatazama, palikuwa peupe.

"Mbona hapa hapana kitu?" alimwuliza siku moja.

"Huwa nafuta, baba. Chuoni walitufundisha kufuta tukimaliza."

"Mtu asiye na la kuficha hafuti nyayo zake."

"Na baba anayemwamini mwanawe hapimi nyayo," Kitinda alijibu, tena kwa upole, na upole huo ukamchoma mzee kuliko kama angepayukiwa.

"Nyie wawili mtanitoa roho," mama alisema kutoka jikoni. "Njooni mle."

Wiki moja baadaye Bwana Mhuri alipita nyuma ya kiti cha binti yake akaona picha kwenye kioo. Bwawa la kuogelea, wasichana waliovaa sketi fupi, wameshika sinia, wanacheka na wanaume waliojilaza vitini. Ilikuwa pale kwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha Kitinda akaifunga. Mzee hakuuliza. Aliimeza kama ilivyo, na kwa siku kadhaa ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu Kitinda aliaga. Alikuwa na begi dogo na bahasha ya vyeti. Alimkuta mama yake uani akianika nguo.

"Nimeitwa kwenye usaili, mama. Siku mbili tu, Jumatano niko hapa."

"Usaili wa wapi?"

"Mji wa pili. Mambo ya hoteli, nitakuwa mapokezi. Mengine nikirudi, nisije nikamtukana mamba kabla sijavuka mto."

Mama akacheka, akamwombea heri. Kitinda akapita sebuleni. "Baba, natoka." Bwana Mhuri alikuwa akisoma gazeti kwenye kompyuta. Alisema "Haya," bila kugeuka.

Mchana huo dada mkubwa wa Bwana Mhuri alipiga simu kwamba atafika Jumatano, akae wiki nzima. Ilikuwa furaha, lakini yenye mchanga ndani yake. Dada huyo alikuwa na ulimi ambao ukoo mzima uliuogopa, na kila akija aliomba kompyuta ili aonane na wanawe waliokuwa ughaibuni. Bwana Mhuri akaketi kuikagua. Orodha ilikuwa nyeupe kama kawaida. Lakini alipoanza kuandika herufi ya kwanza ya jina la gazeti lake, chini yake ikachomoza anuani nyingine asiyoijua, ndefu, yenye neno la hoteli katikati, na pembeni yake kipicha kidogo cha bwawa lile lile.

Akaelewa kwamba kufuta kwa Kitinda kulikuwa kwa juu juu. Chini ya zulia uchafu ulikuwa bado upo. Kichwani akamwona dada yake akiandika herufi ile ile, akivaa miwani, akisogea karibu na kioo.

Jumanne asubuhi aliibeba mashine ndani ya shuka mpaka kwa fundi. Fundi alikuwa mama wa makamo, miwani ameifunga kwa kamba shingoni, na kibanda chake kilikuwa na rafu za kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

"Toa kila kitu kilichotazamwa humu," mzee alisema. "Hata kilichojificha. Hasa kilichojificha."

Fundi akaiwasha, akabonyeza hapa na pale. "Ni kweli, mzee. Ukifuta ile orodha, mashine bado inabaki na mabaki yake. Picha, anuani, fomu zilizojazwa. Hata maneno ya siri ya barua pepe yamehifadhiwa humu. Mimi nikifuta, naandika juu yake mara tatu, kama kupaka rangi ukuta wenye maandishi. Hakirudi tena. Hutaki tupitie kwanza tuone kama kuna cha kubakiza?"

"Sitaki kukiona."

"Maana watu huwa wanarudi wakilia."

"Mimi sitarudi. Safisha."

Fundi akatazama uso wake, akafanya alichoambiwa. Ilichukua saa tatu. Bwana Mhuri alisubiri kwenye benchi, na alipoirudisha nyumbani akaandika herufi ile, akaona gazeti lake peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu ile picha, chakula kikamshuka vizuri.

Jumatano dada alifika. Kitinda hakufika. Usiku wa kuamkia Alhamisi mama alisema pengine amekosa basi. Alhamisi simu ya Kitinda ilikuwa imezimwa asubuhi, mchana na jioni. Kaka zake walipopigiwa, hakuna aliyekuwa na habari. Ijumaa, kabla ofisi hazijafunguliwa, Bwana Mhuri na mkewe walikuwa wameketi nje ya kituo cha polisi, na dada akabaki nyumbani kusikiliza simu.

Askari aliyewapokea alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Aliandika polepole.

"Hoteli gani iliyomwita?"

Hawakujua.

"Mji gani hasa?"

"Alisema mji wa pili," mama akajibu, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake akaona lilivyo jepesi.

"Wengi wanaitwa kwa njia ya intaneti siku hizi," askari alisema. "Kuna matangazo ya kazi za hoteli, picha nzuri nzuri, halafu wanavushwa mpaka. Wiki iliyopita nimepokea mzazi mwingine kama nyinyi. Lakini mkiwa na ile anuani, au zile barua pepe, tunapata pa kuanzia. Alikuwa anatumia mashine gani?"

Mama akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ukawa na uhai. "Iko nyumbani! Kompyuta iko sebuleni. Baba watoto, si iko sebuleni?"

Bwana Mhuri alitazama viatu vyake.

"Nimeisafisha," akasema.

"Umeisafisha nini?"

Akawaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, picha kwanza, kisha herufi, kisha dada, kisha fundi, kama mtu anayejaza fomu. Askari aliacha kuandika. Mama alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja.

"Ile anuani uliiona?"

"Niliiona."

"Basi iseme. Wewe anuani hazikutoki. Iseme huyu kijana aandike."

Alifumba macho. Alizikumbuka namba za masanduku ya posta ya watu waliokwisha kufa. Alikumbuka sanduku la mwalimu wake wa darasa la nne. Anuani ile aliijua herufi ya kwanza, na neno hoteli, na basi. Siku ile alikuwa ameitazama ili aichukie, hakuwa ameisoma. Askari alimtajia majina kumi na mawili ya hoteli, moja moja, na kwa kila moja mzee akatikisa kichwa, kwanza kwa hakika, kisha kwa mashaka, mpaka mwisho akawa hajui hata anachokikataa.

Walipotoka nje mama alisema, bila kupaza sauti, "Umemwona mwanangu uchafu."

Jumamosi fundi aliichukua tena ile kompyuta. Hakusema kwamba alimwonya. Alikaa nayo siku mbili, akamwita na mwenzake anayesifika mji mzima kwa kufufua vilivyokufa, na wote wawili wakajaribu. Jumapili jioni aliirudisha mwenyewe, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mzee, nimetafuta kila pembe," alisema. "Kama ningeifanya kazi ile vibaya, tungepata hata neno moja. Niliifanya vizuri. Nisamehe."

"Nilikutuma mimi," Bwana Mhuri akajibu.

Polisi waliulizia kwenye kampuni ya simu, wakaambiwa simu ya Kitinda ilisikika mara ya mwisho stendi ya mabasi, Jumatatu ile ile kabla ya saa sita. Baada ya hapo, kimya. Dada mkubwa alikaa wiki tatu badala ya moja. Ulimi wake wote ulikuwa umekauka, alikuwa akiosha vyombo na kulia, na hakuigusa kompyuta hata siku moja. Alipoondoka, mama alihamishia godoro lake chumbani kwa Kitinda.

Bwana Mhuri naye akajifunza kutafuta. Kila asubuhi badala ya magazeti aliandika herufi ile, akaongeza neno hoteli, akafungua kila kilichotokea. Mabwawa yalikuwa mengi duniani, tena yote ya buluu, na wasichana wote walishika sinia. Aliyaandika majina ya hoteli kwenye daftari na kuyapeleka kituoni. Askari mwenye mafua alihamishwa. Aliyemrithi alilipokea daftari, akalifungua, akalifunga, akasema watalifanyia kazi.

Mwezi wa tano tangu Kitinda aondoke, simu ya nyumbani ililia alasiri moja. Bwana Mhuri akaipokea. Upande wa pili hakukuwa na sauti, ila mtu alikuwa akipumua, na nyuma yake vyombo vikigongana na mwanamume akifoka kwa lugha asiyoijua.

"Kitinda? Ni wewe, mwanangu? Niambie uko wapi. Taja mtaa tu. Taja hata jina moja la mtaa."

Pumzi ikakatika kidogo, kama mtu anayetaka kusema. Simu ikafa. Alipoipiga ile namba, ikamjibu kwamba haipo. Kituoni wakamwambia namba ni ya nje, haifuatiliki, na watu hukosea namba kila siku.

Alipomsimulia mkewe, mama alikuja akasimama mbele yake.

"Alipumua vipi?"

Mzee akajaribu kumwonyesha. Alivuta pumzi kwa pua, akaikata, akaitoa kidogo kidogo kwa mdomo, na akarudia. Mkewe alimsikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Akasema, "Fanya tena." Akafanya tena.

"Sijui," mama akasema hatimaye. "Siwezi kumjua hivyo." Akageuka, akaingia chumbani kwa Kitinda, akafunga mlango.