Vinundu vya Josée na Jemima

Tangu utotoni kule Butembo, Josée na mdogo wake Jemima walikuwa na vinundu vya manjano visiginoni. Nyumbani viliitwa alama ya ukoo, basi. Josée alihamia Lubumbashi, akafungua depo, ghala la kuuza maharagwe kwa jumla, akazaa watoto. Hakuwa na neno mpaka kifua kilipombana akipanga magunia.

Januari 2025, Daktari Chileshe alimsomea majibu ya damu yake iliyopelekwa maabara ya Ubelgiji.

"Mama Josée, ku maini yako kuko bintu bidogo byenye kushika mafuta ya damu. Inashika bien, muzuri kabisa. Lakini kuko proteini moja yenye ilipashwa kuvuta ile mafuta ndani. Weye hauna ile proteini. Basi mafuta inabakia mu damu, inaziba mishipa ya moyo. Na bile binundu bya bisigino ni ile mafuta."

"Kuko dawa?"

"Iko, na inasaidia. Lakini hii unazaliwa nayo. Baba na mama, hata kama balikuwa bazima, kila mumoja alikupatia kasoro yake. Uko na ndugu? Naye anaweza kuwa nayo."

Josée akakumbuka visigino vya Jemima. Jemima alikuwa Goma, na waasi walikuwa wameingia mjini wiki ileile. Simu yake haikupatikana.

Watu sokoni walimpa pole ya vita. Hofu ya pili, ya moyo wa Jemima, hakumwambia mtu. Alipiga simu, akawabana kwa maswali madereva waliotoka Kivu, upande wa Goma, akajikuta akimfokea mteja bila sababu. Siku moja namba ya Uganda ikaita; alikuwa Jemima.

"Yaya, dada yangu, niko muzima. Nilivuka mupaka."

"Kifua kinakuuma?"

"Nikipanda mulima tu. Ni woga ya vita."

"Hapana, si woga. Kuya huku Lubumbashi."

Jemima alishuka uwanja wa ndege wa Luano na begi moja, amekonda. Vipimo vilionyesha ana kasoro ileile, na mshipa mmoja wa moyo umeanza kuziba. Alianza vidonge siku hiyohiyo, na miezi ilivyopita mafuta yakashuka, pumzi ikarudi. Hapo akaanza kuzungumzia kurudi Goma: mume wake, Lévi, alikuwa amebaki kulinda nyumba.

"Kule benki zimefungwa, ndege hakuna," Josée alimwambia. "Dawa ikiisha?"

"Nitavuka mupaka, nitanunua."

"Na mupaka ikifungwa?"

Jemima aliondoka Juni kurudi Goma, na vidonge vingi alivyoweza kubeba. Mpaka leo anavipata, kwa shida, na Josée anashtuka kila simu inapochelewa.