Matembezi Yetu ya Jumapili

Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulikuwa hatuonani. Tulikaa Stratford, hapa London, kwenye fleti ya chumba kimoja juu ya duka la simu. Mume wangu alifanya kazi stesheni, mara shifti ya alfajiri, mara ya jioni, na mimi nilikuwa kwenye lile jumba kubwa la maduka nikikunja nguo ambazo watu wamezikunjua bila kuzinunua. Yeye akiingia, mimi natoka. Tukikutana kwenye ngazi alinibusu huku akipapasa funguo mfukoni, nami nikimwambia chakula kiko wapi, basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu.

Yeye alizaliwa huku huku. Wazazi wake walitoka Unguja wakati wa ujana wao wakakaa moja kwa moja. Kiswahili alikielewa chote, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza, isipokuwa akiwa na jambo lake. Akiwa na jambo lake, Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata nikasahau kuuliza.

Mimi nililetwa na ndoa. Nyumbani, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, nilimwacha mama na kaka yangu. Mama alikuwa akipika mikate ya mayai kwa moto wa makaa, juu na chini, na akanifundisha tangu sijafika kimo cha meza. Huku kuna oveni, na oveni ya ile fleti ilikuwa na tabia zake: upande wa kushoto uliunguza, upande wa kulia haukuivisha. Basi kila siku ya mapumziko nilimpigia mama simu ya video, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, naye akanisimamia kutoka barazani kwake.

"Umeyapiga mayai yakafura?"

"Yamefura, mama."

"Nionyeshe. Hayo hayajafura, hayo yameamka tu. Piga tena."

Nikipiga, mkono ukiniuma, yeye akinihadithia nani kaolewa na nani kahama mtaa. Mkate ukiingia ndani alinikataza kufungua mlango wa oveni. "Utautia haya, utasinyaa." Harufu ya iliki ilijaa nyumba nzima, hata mama mmoja wa Kipunjabi aliyekaa ghorofa ya juu, ambaye alizaliwa Nairobi, alikuwa akibisha mlango na kusema kwa Kiswahili cha huko, "Mama, leo unapika nini tena?" Nikamkatia kipande.

Baada ya Idi ya mwaka ule, mambo yalibadilika kwa njia ambayo niliiona ya heri. Mume wangu, ambaye Jumapili yake ilikuwa ya kulala mpaka adhuhuri, alianza kuniamsha mapema.

"Twende tukatembee," aliniambia, tena kwa Kiswahili. "Tunafanya kazi kama punda. Lini tutakuwa mke na mume?"

Tulikwenda Greenwich tukapanda kilima cha pale. Tulikwenda Richmond kutazama paa wa bustani ya huko, nikashangaa wanyama wakubwa namna ile wamelala kwenye majani kama mbuzi wa jirani. Nilichukua mkate kwenye kopo na chai kwenye chupa. Yeye alikuwa na sharti moja tu: simu yangu ibaki nyumbani. "Simu zinatula," alisema. "Hii siku ni yetu." Yake aliichukua kwa ajili ya ramani na picha. Nilikubali. Nilijiona nimependwa. Niliwasimulia wenzangu dukani, na mmoja akaniambia mume wake hajamtoa hata kwenye bustani ya pale mtaani tangu wapate mtoto, nami nikaona fahari.

Wakati huo huo mama aliacha kuonekana kwenye video. Kaka alisema kioo cha simu kimevunjika. Sauti niliisikia, ila fupi na nyembamba.

"Mafua, mwanangu."

"Mafua gani hayaishi?"

"Umri huo. Umepika leo?"

Nikimwambia nimepika, kaka aliichukua simu na kusema mama amechoka. Nilimweleza mume wangu kwamba moyo wangu hautulii. Wakati ule nilikuwa nimepeleka maombi ya kuruhusiwa kukaa moja kwa moja, na kila mtu alijua kwamba nikitoka nchini kabla ya jibu, maombi yanafutika, na kurudi kwangu kungekuwa kuanza upya. Mume wangu aliniwekea mkono begani. "Mama ni mtu mzima, anachoka. Jibu likitoka tutakwenda pamoja, umkumbatie mpaka akuchoke." Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Jumapili tuliyokwenda Southend, pwani, palikuwa na jua. Tulikaa kwenye ukuta wa pwani, tukala chipsi na samaki, na kile kipande cha mkate kilichobaki. Simu yake ililia. Aliitazama, akainuka, akaenda mbali kidogo, akanipa mgongo. Nilimwona akiinamisha kichwa. Aliporudi nilimuuliza ni nani.

"Kazini," alisema. "Wanataka mtu wa shifti ya kesho."

Akakaa. Akaningoja nimalize chipsi zangu. Kisha akasema tupige picha, akaunyoosha mkono, nikaegemea bega lake nikacheka kwa sababu upepo ulinivua mtandio. Ile picha ninayo. Sijui kwa nini ninayo.

Aliniambia tulipofika nyumbani, jikoni, nikiwa nasuuza kopo. Mama yangu amefariki. Nilimuuliza lini. Alisema asubuhi ile. Nilimuuliza watazika lini. Akaufunga mfereji wa maji, nikajua kwamba wameshazika, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Pale Southend, mimi nikilamba chumvi vidoleni, mamaangu alikuwa kwenye jeneza anapelekwa makaburini.

"Ulijua pale pale."

"Ungefanya nini pale, kwenye treni, mbele ya watu?" Alikuwa akilia. "Nilitaka umalize kula."

Tulisoma khitma nyumbani kwetu, sebule ikajaa wanawake wa Unguja na Pemba wanaokaa London, mabuibui yamebanana mpaka kwenye ngazi. Nilipika mwenyewe mikate, ingawa waliniambia niketi. Nilihitaji kupiga kitu. Mama mkwe alikaa karibu yangu jikoni akinisaidia kukata, na kwa nia ya kunifariji akasema:

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Amepumzika. Mtu aliyekuwa hainuki kitandani tangu baada ya Idi!"

Nikaweka kisu. "Nani alikwambia hayo, mama?"

Alinitazama, akaona alichokifanya. "Mimi nilidhani mumeo..." alisema, akaacha hapo, akachukua sahani akatoka nayo sebuleni.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mume wangu. Hakukana. Kaka yangu alimpigia mapema, akamwambia mama ana uvimbe na madaktari wamekata tamaa, akamwachia yeye aamue namna ya kuniambia. Naye akaamua. Aliyaeleza yote kwa Kiingereza, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza kwa nini treni imechelewa. Ningejua, ningeondoka. Ningeondoka, maombi yangefutika. Angekaa peke yake sijui mwaka, sijui miaka. Na Jumapili ndiyo siku ambayo majamaa wa nyumbani hupiga simu, kwa hiyo afadhali niwe nje.

"Kwa hiyo Greenwich," nilisema. "Na Richmond."

"Nilitaka pia ufurahi," alisema. "Ulifurahi."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko mengine. Nilifurahi kweli.

Jibu la maombi lilitoka muda mfupi baada ya hapo. Nimekubaliwa. Alinikumbatia, nikasimama kama nguzo. Nikaomba likizo dukani nikaenda Unguja peke yangu. Yeye alitaka kunifuata, nikamwambia abaki na shifti zake.

Kaka alinipeleka makaburini. Tuliporudi nikamweka kitako barazani, nikamuuliza alichosema mama. Nilikuwa na tumaini moja, kwamba mama mwenyewe alitaka nifichwe. Ningeweza kuishi na hilo.

"Mwanzo ndiyo," kaka alisema. "Alisema, mwacheni amalize mambo yake, msimtie wasiwasi."

"Na mwisho?"

Alizungusha kofia yake mikononi. "Mwisho alikuwa akikuuliza. Kila asubuhi. Amefika? Mmempelekea gari bandarini? Anakuona unakuja kwa boti, masikini. Nikampigia mumeo, nikamwambia, shemegi, hali hii haingoji. Akasema nisubiri kidogo, jibu liko karibu."

"Na wewe ukasubiri."

"Ni mume wako," kaka alisema. "Mimi ningefanyaje, nikuvunjie nyumba?"

Sikumgombeza. Nilimwona amekonda, na ni yeye aliyemgeuza mama kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Lakini nilikaa siku zote zilizobaki bila kula naye sahani moja.

Niliporudi London nilimwomba mume wangu talaka. Alikataa, akalia, akanunua tiketi za kwenda kutazama bustani fulani ya maua, akaziweka mezani. Nilizichukua zile tiketi nikamtilia kwenye mfuko wa koti lake. Mwisho alikubali, nyumbani kwa wazazi wake, mbele ya baba yake na sheikh mmoja. Mama mkwe hakuweza kujizuia.

"Kosa lake ni lipi?" aliuliza sebule nzima. "Amekutafutia karatasi. Amekutembeza. Wangapi wanatembezwa? Mwenzako kafanya yote hayo kwa kukupenda."

Nilimwambia, "Najua, mama. Ni kweli."

Na ni kweli. Sikuwahi kudhani kwamba hakunipenda. Alinipenda hivyo, akaniwekea mama yangu upande mmoja na yeye upande wa pili, akachagua kwa niaba yangu, halafu akanipakiza kwenye treni nikatazame paa.

Sasa nimepanga chumba Ilford, nyumba ya watu wengi, jiko la kupokezana. Dukani wamenipandisha kidogo, nasimamia sehemu ya nguo za watoto. Yeye ameoa tena, nasikia, msichana wa huku huku, mzaliwa. Namtakia heri, siku nyingine kwa dhati, siku nyingine kwa mdomo tu. Wenzangu huniuliza kwa nini naomba kufanya kazi Jumapili, siku ambayo kila mtu anaikimbia. Nawaambia Jumapili hakuna msongamano kwenye treni.